Mwenye Amana na Mwenye Daftari

Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno mawili ya mzizi mmoja ambayo wasemaji wake huyatenganisha bila hata kufikiri: imani na amana. Imani ni hali ya moyo. Mtu huwa nayo au huikosa, na hakuna awezaye kumdai mwenzake risiti yake. Amana ni kitu. Ina mwenyewe, ina mahali ilipowekwa, ina siku ya kurudishwa. Katika mji wa Bahla, mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman, wapo watu wanaoyatamka maneno haya kwa lugha zote mbili, kwa kuwa wamezaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, au wamelelewa na waliozaliwa huko. Kwao swali linaloulizwa sasa kila pembe ya dunia, kama serikali na makampuni yanastahili kuaminiwa na taarifa za watu, lina sura yake. Kila watakiwapo kuweka kidole juu ya kioo cha mashine, au kubonyeza neno la kukubali chini ya masharti yasiyosomwa na yeyote, wanaombwa imani. Kinachochukuliwa ni amana.

Makala haya yanashikilia kwamba mkanganyo wa mambo haya mawili ndio unaoliharibu swali tangu mwanzo. Mjadala wa faragha huendeshwa kana kwamba suala ni tabia ya raia: kama ana imani ya kutosha, au ni mtu wa shaka nyingi. Serikali hulalamika kwamba wananchi hawaziamini. Makampuni huajiri wataalamu wa kujenga imani ya wateja. Lakini aliyepokea amana hana haki ya kudai imani. Wajibu wote uko upande wake, na mwenye mali anaweza kuwa mtu mwenye shaka kuliko wote mjini bila kupoteza hata chembe ya haki yake.

Bahla ni mahali pazuri pa kuanzia fikra hii. Wageni huujua mji kwa ngome yake ya udongo, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, kwa vyungu vya wafinyanzi wake, na kwa hadithi za majini ambazo wenyeji wamekwisha kuchoka kuulizwa. Wanazuoni huukumbuka kwa Ibn Baraka, fakihi wa Kiibadhi wa karne ya 10 ambaye nisba yake ni ya mji huu, mwandishi wa kitabu kiitwacho al-Jami. Fiqhi aliyoitumikia, pamoja na ile ya madhehebu mengine, ina mlango mzima juu ya wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aihifadhi. Kanuni zake ni chache na zinaeleweka na yeyote. Aliyepokea hamiliki. Haruhusiwi kuitumia bila idhini, wala kumkabidhi mtu wa tatu bila idhini. Mwenyewe akiitaka, airudishe. Ikipotea bila uzembe wake hadaiwi. Akiitumia au akizembea, dhamana inamwangukia. Katika kanuni hizi hakuna hata moja inayomtaka mwenye mali apime moyo wa mpokeaji. Mafakihi walijua kwamba mioyo haipimiki, kwa hiyo wakaandika juu ya mikono.

Itasemwa kwamba taarifa haifanani na kibindo cha fedha. Fedha ikichukuliwa, mwenyewe hubaki bila fedha. Alama ya kidole ikinakiliwa, kidole kinabaki palepale. Pingamizi hili ni la kweli, na watetezi wa makampuni hulipenda. Hata hivyo linaelekea upande wa pili. Aliyeibiwa ng'ombe huamka akaona zizi tupu, akapiga yowe, majirani wakafuata nyayo. Aliyenakiliwa haoni pengo lolote. Hajui kama nakala ni moja au elfu, wala kama imevuka bahari. Amana isiyoacha pengo inapochukuliwa inahitaji ulinzi mkali zaidi wa ile inayoacha, maana mwenyewe ameondolewa hata uwezo wa kugundua.

Mfano wa utunzaji unaokaguliwa umo chini ya mitende ya mkoa huohuo. Mashamba ya Oman ya ndani yamekua kwa maji ya falaji, mifereji inayoanzia chini ya milima au katika kingo za mabonde na kushuka kwa mteremko mdogo hadi mashambani. Zaidi ya 3,000 bado inatiririka nchini, na mitano, mmojawapo ukiwa Falaji Daris wa Nizwa, iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2006. Kinachogawanywa katika falaji ni muda. Mwenye hisa anamiliki athar kadhaa, kila moja ikiwa takriban nusu saa, katika mzunguko wa siku maalumu. Yupo wakala anayesimamia shughuli zote, yupo arifu anayetangaza zamu, yupo mtunza fedha, yupo dalali wa kunadi hadharani muda uliotengwa kwa ajili ya matengenezo. Lipo na daftari la hisa, ambalo ni taarifa nyeti kuliko nyingi, kwa sababu linamweleza kila mtu ana nini, amerithi nini na amelazimika kuuza nini.

Watu hawa wana madaraka makubwa. Nusu saa ya maji wakati wa kiangazi ni maisha au kifo cha mtende. Lakini kwa karne nyingi saa ya mchana ilikuwa kijiti kilichosimikwa uwanjani pamoja na alama zilizowekwa ardhini, na saa ya usiku ilikuwa nyota. Mjane mwenye athar moja na shekhe mwenye athar hamsini waliangalia kivuli kilekile. Arifu angeweza kuwa mchamungu au mlaghai. Kivuli hakikujali, na mjane hakuhitaji kujua. Siku hizi katika falaji nyingi saa ya mkononi imechukua nafasi ya kijiti na nyota, na mabadiliko hayo yamepita bila msiba wowote. Sababu ni rahisi: kila mwenye hisa ana saa yake. Teknolojia mpya iliingia katika mikono yote kwa pamoja. Kama saa moja tu ingeletwa, ikafungwa ndani ya chumba cha wakala, na watu wakaambiwa waamini inachosema, huenda Bahla na Nizwa zingeona ugomvi usiosahaulika.

Raia wa leo yuko katika hali ile ya saa moja chumbani. Oman ilianza kutoa vitambulisho vya kielektroniki mwaka 2004, chini ya Polisi ya Oman, mapema kuliko nchi nyingi za eneo lake, na kadi hiyo imekuwa ufunguo wa karibu kila mlango: hospitali, benki, laini ya simu, ardhi. Anayeibeba anaonekana na mfumo. Yeye hauoni. Hajui nani amefungua jalada lake, siku gani, kwa shauri lipi.

Hapa panahitaji uadilifu wa kufikiri, kwa sababu Waswahili wa Oman ndio watu wa mwisho wanaoweza kuyachukia madaftari. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar, maelfu walitawanyika Dubai, Kairo, Uingereza na kwingineko. Sultani Said bin Taimur hakuwafungulia milango kwa wingi, na ilipofika Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje, waliorudi walitakiwa kuthibitisha asili yao. Walioitwa Wamanga kule, huku wakaitwa Wazinjibari. Ushahidi wa shekhe wa kabila ulikuwa na uzito, na kila karatasi iliyonusurika ikapata thamani: cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba la mikarafuu, barua ya babu kwa ndugu yake iliyotaja kijiji. Waliokuwa na karatasi walipita kwa urahisi zaidi ya waliokuja mikono mitupu. Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari ilipata kwao maana ya uraia wenyewe. Mtu ambaye jina lake halimo popote hana faragha yoyote ya kujivunia; ana kutokuwapo, na kutokuwapo hakujawahi kumlinda maskini.

Kwa hiyo suala haliwezi kuwa kuandikwa au kutoandikwa. Ni nani anashika kalamu, na kama aliyeandikwa anaweza kuona kilichoandikwa na kukipinga. Historia ya karibuni ya Oman imetoa kisa kinachostahili kukumbukwa. Mwaka 2006 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Oman iliamua kwamba makabila mawili, Aal Tawayya na Aal Khalifayn, yaitwe Awlad Tawayya na Awlad Khalifayn na yahesabiwe chini ya kabila la Al-Harithi, ambalo ngome yake ni Ash Sharqiyah. Amnesty International iliripoti kwamba uamuzi huo uliwashusha watu hao hadi daraja la watumishi wa kabila jingine, na kwamba walikabiliwa na matatizo ya kiuchumi na ya kijamii kwa sababu yake. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwake. Hakuna mtende uliokatwa. Herufi chache zilibadilishwa katika sajili, na mtu aliyelala akiwa na nasaba moja akaamka na nyingine. Anayeuliza kwa nini Mswahili wa Oman, ambaye nasaba yake imekuwa ikitiliwa shaka tangu aliposhuka kwenye ndege, ayajali mambo ya kanzidata, atapata jibu hapo.

Upande wa pili wa bahari una somo jingine, na huenda ndilo zito zaidi. Zanzibar ya wakati wa ukoloni ilikuwa nchi ya kuhesabiwa kwa jamii. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojitaja kuwa Waswahili ilianguka kwa kiwango ambacho hakiwezi kuelezwa na vifo wala uhamaji; watu walewale walikuwa wametoa jibu tofauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa vyakula vilivyoadimika, mchele ukiwamo, ulifuata jamii aliyoandikiwa mtu, na haishangazi kwamba wengi waligundua babu Mwarabu au Mshirazi aliyekuwa amesahauliwa. Wanahistoria wameyasoma mabadiliko haya kama siasa ya utambulisho, na wako sahihi. Yanaweza kusomwa pia kama historia ya faragha. Pale ambapo daftari halihojiwi, pale ambapo karani anauliza na haulizwi, uongo mdogo ndio pazia pekee alilobakiwa nalo mnyonge. Alichagua ajulikane kwa lipi. Serikali ilikuwa na jibu lake, yeye alikuwa na siri yake, na kati ya mambo hayo mawili paliwezekana kuishi.

Pazia hilo limeondolewa. Mashine inayosoma kidole haimwulizi mtu chochote, inachukua. Mboni ya jicho haiwezi kujibu kwa tahadhari. Wanaosifu mifumo ya alama za mwili husema kwamba inamaliza udanganyifu, na ni kweli inaupunguza: watumishi hewa na wapiga kura waliokufa ni tatizo la kweli Afrika Mashariki. Lakini katika mizani hiyo huwekwa udanganyifu wa raia peke yake. Hakuna aliyebuni mashine ya kusoma kidole cha ofisi, ili kila faili linapofunguliwa ofisi nayo iache alama isiyofutika. Yaani ipo, kama itakavyoonekana, ila haijapendwa.

Lipo na tatizo la urithi. Kadi za Rwanda zilizotaja kabila zilianza chini ya Wabelgiji katika miaka ya 1930. Karani aliyeziandika huenda alikuwa mtu mpole, mwenye bidii, aliyefuata maagizo. Mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu ambao karani yule hakuwajua, kwa kazi ambayo hakuiwaza. Fiqhi inamkataza mtunza amana kumkabidhi mwingine bila idhini. Lakini serikali hukabidhiana nchi nzima kwa usiku mmoja, pamoja na makabati yake. Mtu anayesema anaiamini serikali iliyopo amejibu nusu ya swali. Jalada lake litaishi kuliko waziri anayemwamini, na pengine kuliko katiba.

Makampuni nayo hayakosi urithi wao, ila wao huuita mauzo. Familia za Bahla zenye ndugu Zanzibar, Mombasa na Manchester zinaishi kwa WhatsApp kama vile babu zao walivyoishi kwa majahazi. Kwa miaka mingi simu za sauti kupitia programu hiyo zimezuiliwa Oman, kwa uamuzi wa wasimamizi wa mawasiliano, na kwa hiyo mapenzi ya bibi na wajukuu yamejifunza kusafiri kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili mbili. Maneno yenyewe yamefungwa kwa usimbaji ambao, kwa maelezo ya kampuni, hata yenyewe haiwezi kuufungua. Kinachobaki mikononi mwa kampuni ni ganda: nani amewasiliana na nani, lini, mara ngapi, kutoka wapi. Kwa familia iliyogawanyika kati ya nchi mbili ambazo zote hazipendi uraia pacha, ganda hilo peke yake ni ramani ya ukoo. WhatsApp ilipoanzishwa haikuwa mali ya Facebook. Ikawa mwaka 2014. Bibi hakuulizwa alipopatiwa mtunzaji mpya.

Mwezi Machi 2018 televisheni ya Uingereza, Channel 4, ilionesha wakuu wa Cambridge Analytica, wakiwa hawajui kwamba wanarekodiwa, wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais Kenya mwaka 2013 na 2017. Kujigamba kwa wafanyabiashara hakustahili kuaminiwa moja kwa moja. Hata kikipunguzwa kwa nusu, kisa kinabaki kuwa cha watu waliosimulia hofu za Wakenya kama bidhaa ghalani. Miaka mitano baadaye watu walipanga foleni Nairobi ili mboni zao zipigwe picha na Worldcoin, wakilipwa tokeni za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Ilikuwa rahisi kuwacheka. Aliyesimama kwenye foleni ile alijua bei ya unga siku hiyo. Thamani ya mboni yake miaka thelathini ijayo hakuna aliyeijua, hata mnunuzi. Idhini inayotolewa na mwenye njaa kwa mwenye hazina ina kasoro ambayo masharti marefu hayawezi kuiponya.

Wapo wanaosema kwamba asiye na hatia hana la kuficha, na kwamba faragha ni anasa ya Wazungu iliyoletwa na mashirika yao. Kauli hii haihitaji nafasi kubwa. Jamii iliyobuni hodi haikusubiri kufundishwa faragha. Mgeni husimama nje, hubisha, hungoja. Asipojibiwa mara ya tatu huondoka, na hakuna anayemshuku mwenye nyumba kwa kutoitika. Suratu n-Nur inakataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa. Nyumba za mji mkongwe wa Zanzibar na zile za udongo za Bahla zimejengwa ili macho ya barazani yasifike uani. Mafakihi wameamua kesi za dirisha linaloangalia kwa jirani. Wala hakuna aliyedhani kwamba uani kunafanyika uhalifu. Kunapikwa, kunalazwa watoto, kunaliwa vilivyopo.

Sheria zimeanza kuandikwa, na ni haki zisomwe kabla ya kusifiwa au kubezwa. Oman ilitoa Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Februari 2023, na kanuni zake zikafuata mwaka 2024. Tanzania ilitunga yake mwaka huohuo wa 2022, nayo ikaanza Mei 2023, ikiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Oman ina mambo ambayo Ibn Baraka angeyatambua mara moja: idhini ya mwenye taarifa, kibali maalumu kwa taarifa za afya, nasaba na itikadi, haki ya kutaka kusahihishiwa na kufutiwa. Kisha kinakuja kifungu cha 3, kinachoziweka nje ya sheria taarifa zinazoshughulikiwa kwa ajili ya usalama wa taifa au maslahi ya umma, pamoja na zile zinazoshughulikiwa na idara za serikali katika kutekeleza majukumu yao ya kisheria. Msimamizi wa sheria nzima ni wizara. Kwa maneno mengine, muuza manukato wa Muscat amefungwa na kanuni za wadia, na mwenye ghala kubwa kuliko yote amejiandikia ruhusa. Dola kila mahali hujiwekea misamaha, na baadhi ni ya lazima; polisi hawezi kumwomba idhini mtu anayemchunguza. Lakini msamaha uliopaswa kuwa mlango wa dharura umejengwa upana wa ukumbi.

Kutolingana huku kunaonekana zaidi taarifa zinaposafiri upande wa pili. Serikali inayotaka kujua kila kitu juu ya raia mara nyingi ndiyo inayoona uzito raia akitaka kujua chochote juu yake. Tanzania, kwa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, ilifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi. Benki ya Dunia ikaonesha wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 Bunge likalegeza. Oman, Agosti 2016, ililifunga gazeti la Azamn baada ya kuchapisha tuhuma za rushwa zilizohusu mahakama. Waandishi wakashtakiwa, mahakama ya rufaa ikaliruhusu gazeti lirudi, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikathibitisha kufungwa. Raia ameandikwa katika daftari, na daftari la mwenye daftari limefungwa. Katika falaji hali hiyo ingeitwa kwa jina lake, na wenye hisa wangemtafuta arifu mwingine.

Watunzaji waaminifu wapo, na gharama yao iandikwe pia. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam baada ya mtandao huo kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, na kesi zikamfuata kwa miaka. Kundi la watu wasiofahamiana, waliokuwa wameweka majina yao kwake, lilipata mtu aliyekataa kumkabidhi mwingine amana bila idhini yao. Wengi wao pengine hawakuwahi kumwamini wala kumfikiria. Haikuhitajika.

Kenya imeonesha njia ya pili, iliyo ndefu na isiyo na mashujaa wengi. Huduma Namba ilipozinduliwa mwaka 2019, Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda Mahakama Kuu. Si ajabu kwamba Wanubi walikuwa mstari wa mbele: ni watu ambao kwa vizazi wametakiwa kuthibitisha kwamba ni Wakenya, na wanajua sajili hufanya nini kwa mtu aliye pembeni mwake. Januari 2020 mahakama ilizuia kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa mitambo ya satelaiti, ikataka uwepo kwanza utaratibu wa kisheria. Oktoba 2021 ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa. Mei 2025, katika shauri lililofunguliwa na Katiba Institute, iliamuru taarifa za mwili zilizokusanywa kwa ajili ya Worldcoin zifutwe ndani ya siku saba. Hukumu hizi hazikuuliza kama serikali au kampuni ina nia njema. Ziliuliza kilichochukuliwa, kwa ruhusa gani, na kiko wapi.

Na kidole cha ofisi kinawezekana. Raia wa Estonia hufungua ukurasa wake wa serikali akaona orodha ya taasisi zilizoitazama taarifa yake na siku zilipoitazama. Mtumishi aliyechungulia bila sababu huweza kuulizwa. Nchi hiyo ina watu wachache kuliko Oman, na haikujengwa na malaika. Ilichofanya ni kukiweka kijiti uwanjani.

Mzee wa Bahla anayekwenda kufanya upya kitambulisho chake hana nafasi ya kukataa. Pensheni yake imo humo, na dawa zake, na umiliki wa shamba, na nasaba ambayo baba yake alihangaika nayo miaka miwili kuithibitisha. Atatoa kidole, kama kila mtu. Akitaka kujua ni nani aliyefungua jalada lake mwaka uliopita, kutoka ofisi gani na kwa shauri lipi, anaweza kumwandikia muuza manukato, na sheria itamlazimisha muuza manukato ajibu. Idara ya serikali iliyomo ndani ya majukumu yake, akiiandikia swali hilohilo, sheria ya 2022 haijailazimisha kumjibu.